Doa Lililobaki

Ersilia Scarcia ni dobi. Duka lake linapakana na benki,
pale barabara inapoanza kuuelekea mlima.
Kila Alhamisi nampelekea makoti ya maabara,
manane, mara nyingine tisa,
naye huyahesabu mbele ya macho yangu
kana kwamba wanafizikia ni wezi wa makoti.

"Mnafanya nini huko chini?" aliniuliza, mwaka wa tatu.
Si kwamba hajui tulipo. Malori yote ya Teramo
hupita mlangoni petu, ndani ya handaki,
na juu yetu jiwe, kilomita moja na nusu kasoro.
Nikavuta pumzi, nikammwagia yote:
ulinganifu na uvunjikaji wake, chaji, mizunguko, viini vya atomi.
Akapiga pasi shati zima bila kuinua uso.
"Daktari," akasema, "nimekuuliza swali.
Wewe umenisomea litania."

Wiki iliyofuata nilianza upya, mikono mitupu.
Mwanzoni, nikasema, palikuwa na maada na pacha wake,
wamefanana kwa kila kitu ila ishara.
Pacha hao wakigusana hawaachi hata majivu.
Mwanga tu.
Na kwa hesabu zetu walizaliwa sawa kwa sawa,
basi wangefutana wote. Pasingebaki mtu wala pasi.
Pasingebaki Alhamisi.

"Lakini tupo."

Tupo. Kwa kila bilioni waliofutana
alibaki mmoja asiye na pacha, na hatujui kwa nini.
Huyo mmoja ndiye mlima. Ndiye benki. Ndiye wewe.

Akaiweka pasi kwenye kisahani chake. Mvuke.
Akalivuta koti langu, lile la mfuko uliovuja wino
kiangazi kilichopita, akagusa kwa kidole
kile kivuli cha buluu ambacho maji moto, siki,
chumvi ya ndimu na matusi ya Kiabruzzo
vimeshindwa kukiondoa.
"Kwa hiyo ulimwengu ulifuliwa," akasema,
"na sisi ni doa."

Nikafungua mdomo nimsahihishe.
Kufua kunataka mfuaji. Doa hukaa juu ya nguo,
na pale hapakuwa na nguo.
Nilikuwa na pingamizi nne, zote halali.
Nikazimeza,
maana kwa miaka kumi na moja nimeandika makala
ambazo mama yangu huzihifadhi kabatini bila kuzifungua,
pamoja na sahani za harusi,
na hili neno moja la dobi
hata yeye angekwenda nalo sokoni akarudi nalo.

Mwezi wa tano, ukumbi wa parokia. Watu arobaini na mbwa.
Nikasimulia doa. Mtoto wa muoka mikate akauliza: nani alifua?
Nikamwambia, hapo ndipo mfano unapochanika mshono;
ni koti la kuazima, tulivue kabla halijatubana.
Manung'uniko. Walikuwa wameanza kulipenda.
Ersilia, safu ya nyuma, akasimama na mkoba wake:
"Msimwonee. Hajui.
Angejua, angekuwa anakaa chini ya jiwe?"

Usiku huu ni zamu yangu. Chombo kiko baridi,
kimevishwa madini ya risasi waliyochimba Warumi,
yaliyolala ndani ya merikebu iliyozama
miaka elfu mbili, mpaka yakaacha kunong'ona.
Tunangoja atomi moja ifanye jambo
ambalo huenda halifanyiki kamwe.
Kwenye kioo, mstari ulionyooka.

Natafuta kalamu. Mfukoni mwa koti
kuna risiti, mwandiko wa kubana, herufi za kulalia kushoto:
*Makoti tisa. Doa moja halikutoka.
Hilo silidai.*